Uteuzi wa Difu kwa Magari Yenye Tabo: Hesabu ya Meno na Utata wa Istilahi katika Barabara ya Makutano hadi Meru

Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Meru kwa njia ya Embu hupitia Makutano, njia panda ambapo barabara ya Embu huachana na ile ya Sagana na Karatina. Afikapo mjini Meru, hukuta mtaa mwingine uitwao Makutano. Baina ya Makutano hizo mbili kuna barabara yenye sura mbili: tambarare ya mashamba ya mpunga ya Mwea, na baada ya Embu, mabonde ya mito itelemkayo kutoka Mlima Kenya, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu. Gari la barabara hii huhitaji mwendo na nguvu kwa pamoja. Makala haya yanaeleza namna ya kuteua uwiano wa difu kwa gari lenye tabo, na yanadai kwamba uteuzi huo unaweza kuharibiwa na neno kabla haujaharibiwa na chuma.

Dhana ya Uwiano

Difu hupokea mzunguko kutoka kwenye propela shafti, huupunguza, kisha huugawa kwa magurudumu. Kazi ya kupunguza hufanywa na gia mbili: pinioni, ambayo ni ndogo, na krauni, ambayo ni kubwa. Uwiano ni idadi ya meno ya krauni ikigawanywa kwa idadi ya meno ya pinioni. Meno 39 kwa 8 ni 4.875, meno 41 kwa 9 ni 4.556, meno 41 kwa 10 ni 4.1. Namba ikiwa kubwa, magurudumu hupata nguvu zaidi ya kusokota, lakini injini huzunguka zaidi kwa mwendo uleule.

Tuchukue mfano. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2.3 huzunguka mara 580 hivi kwa dakika gari liendapo kilomita 80 kwa saa. Katika gia ya nne, ambayo kwenye giaboksi nyingi za gia tano haibadilishi mzunguko, injini itazunguka takriban mara 2,830 kwa dakika kwa difu ya 4.875, na mara 2,380 kwa difu ya 4.1.

Tabo na Barabara

Tabo ni feni inayozungushwa na moshi utokao kwenye injini ili isukume hewa zaidi ndani ya silinda. Mji wa Meru uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Injini isiyo na tabo hupungukiwa na nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, ilhali yenye tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Ndiyo sababu mtu aliyetoa injini ya kawaida na kutia ya tabo hushauriwa kupunguza namba ya difu: nguvu hupatikana mapema, hivyo hakuna haja ya kuizungusha injini mno.

Hata hivyo, ushauri huo una mpaka. Tabo haifanyi kazi mpaka moshi uwe wa kutosha. Tuseme tabo ya injini fulani ya dizeli huamka kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika. Pikapu inapanda kutoka bondeni kwa kilomita 40 kwa saa, katika gia ya tatu yenye uwiano wa 1.4. Kwa difu ya 4.1, injini iko kwenye mizunguko 1,665: tabo imelala, na dereva hana budi kurudi gia ya pili. Kwa difu ya 4.556, iko kwenye 1,850 na tabo inasukuma. Kwa hiyo, anayezunguka Mwea tu atafaidika na 4.1. Abebaye miraa au ndizi kupitia mabonde na achague 4.556, hata kama atatumia mafuta zaidi kidogo kule tambarare. Kanuni ni kuanza hesabu mlimani.

Utata wa Istilahi

Sasa msikilize mnunuzi anayeulizia "difu kubwa". Je, anataka yenye namba kubwa, yenye gamba kubwa, au yenye mwendo mkubwa? Maana ya kwanza na ya tatu zinapingana, kwani mwendo mkubwa hutokana na namba ndogo. Huu ni utata wa kileksika, na athari zake haziishii darasani.

Katika pikapu nyingi za zamani, kipimamwendo hupata habari zake kwenye giaboksi, kabla ya difu. Aliyetoa difu ya 4.875 na kutia ya 4.1 bila kurekebisha kipimo ataona kilomita 80 ilhali anakwenda 95. Isitoshe, difu hiyo hupunguza uwezo wa injini kulizuia gari kwenye mteremko. Njia hii ina mteremko wa Nithi, ambako mnamo Julai 2022 basi lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafariki. Hatudai kuwa difu ilihusika. Tunasema tu kwamba hapo si mahali pa kudanganywa na kipimo. Tena, kwa gari linalovutwa na magurudumu yote manne, difu ya mbele na ya nyuma sharti ziwe na uwiano mmoja, la sivyo gia zitavunjana.

Tunapendekeza istilahi mbili: difu ya nguvu kwa yenye namba kubwa, na difu ya mwendo kwa yenye namba ndogo. Kila moja iandamane na hesabu yake, kwa mfano, "difu ya nguvu, meno 41 kwa 9". Neno difu limekwisha kutulia katika ngeli ya I-ZI. Hatuna haja ya kulibunia mbadala.

Hitimisho

Tumeona kwamba tabo huruhusu kupunguza namba ya difu, lakini mlima na mzigo ndivyo vinavyoamua ipunguzwe kwa kiasi gani. Tumeona pia kwamba sifa "kubwa" haitoshi palipo na hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi wa Kiswahili aingie gereji na daftari lake, ahesabu meno pamoja na fundi, kisha wakubaliane juu ya jina.