Mtoto Ataitwa Nani?

SOMO LA WIKI
Kusoma: Luka 1:57-66



Wiki hii naomba tuguse jambo ambalo limeleta baridi kwa nyumba kadhaa hapa kwetu. Ni jina la mtoto. Vijana wetu wanaoana, Mungu anawapa mtoto, halafu wanatangaza jina ambalo halijawahi kusikika upande wa baba wala wa mama. Shosho anauliza, "Ati anaitwa nani?" Anaambiwa tena. Ananyamaza. Na shosho akinyamaza, jua kuna shida. Nimeshaona Jumapili ya kumweka mtoto wakfu, upande mmoja wa familia haukuja kabisa.

Tuelewe kwanza uchungu huo unatoka wapi. Hapa Waithaka na Dagoretti yote, mpango wa Wakikuyu unajulikana. Kijana wa kwanza huitwa babake baba, wa pili babake mama. Msichana wa kwanza ni mamake baba, wa pili mamake mama. Kwa hivyo shosho akisikia msichana wa kwanza ni Nevaeh, anaona yeye ameachwa nje ya nyumba. Na ukimweleza kwamba Nevaeh ni neno "heaven" limesomwa kutoka nyuma, atakuuliza, kwani mbinguni siku hizi wanaingia kinyumenyume?

Sasa tuangalie Neno. Siku ya nane, majirani na jamaa walikuja kwa Elisabeti wakiwa wameshaamua mtoto ni Zakaria, kama babake. Mama akakataa, akasema ni Yohana. Wakashangaa, manake kwa ukoo wao hakukuwa na mtu wa jina hilo. Hayo maneno tunayasikia mpaka leo! Wakamgeukia baba, ambaye alikuwa hawezi kusema. Akaitisha kibao, akaandika Yohana. Basi ikaisha.

Kwa hivyo mtu asikwambie jina geni ni dhambi. Lakini ona kwa nini jina hilo lilisimama. Mama na baba walisema neno moja, na lilikuwa na sababu, kwa kuwa malaika alikuwa ameshamwambia Zakaria. Hawakulitoa kwa simu, wala kwa mchezo wa kuigiza wa televisheni.

Kuna wapendwa wengine wanaenda upande ule mwingine. Wanasema jina la guka lisiguswe, ati linabeba mizimu ya ukoo. Mtu akisikia Kariuki, yaani aliyefufuka, anaanza kukemea. Mimi siungi mkono. Danieli aliitwa Belteshaza huko Babeli, na Nebukadreza mwenyewe alisema jina hilo lilifuata la mungu wake. Simba hawakumla. Apolo, yule mhubiri wa Matendo 18, jina lake linatokana na mungu wa Wagiriki. Epafrodito wa Wafilipi 2 naye jina lake linatoka kwa Afrodite. Hatusomi mahali popote Paulo akiwaambia wabadilishe. Damu ya Yesu ina nguvu kuliko jina la guka, na guka wengi waliokoka kabla yetu.

Basi mzazi apime vipi? Mimi naangalia mambo matatu.

Kwanza, mmekubaliana? Kama baba anataka hivi na mama anataka vile, msikimbilie cheti cha kuzaliwa. Ombeni, mzungumze, mwende kwa wazazi kabla mtoto hajazaliwa. Mzee akielezwa mapema anaweza kukubali. Akisikia kwa WhatsApp, hiyo ni dharau. Na cheti kina nafasi ya zaidi ya jina moja. Nevaeh Wambui anaweza kuitikia yote mawili.

Pili, jina linamwekea mtoto nini? Raheli akifa kwa uchungu wa kuzaa alimwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni yangu. Yakobo alikuwa amefiwa, lakini akambadilishia, akawa Benyamini. Hakutaka mtoto abebe msiba wa mamake maisha yote. Ikabodi wa 1 Samweli 4 hakupata mtu wa kumbadilishia. Kama ulimzaa wakati wa shida, usiandike shida hiyo kwa cheti chake.

Tatu, jina litazeeka vipi? Ndugu zetu Waluo huita mtoto kwa wakati au tukio. Okoth alizaliwa kwa mvua, na mvua haiishi. Lakini Julai 2015, Obama alipokuja Kenya, habari zilitangaza mtoto aliyeitwa AirForceOne. Mwaka wa 2017 Obama alitoka ofisini, ndege ikabeba rais mwingine. Jina likabaki na mtoto. Litaje kwa sauti kama mwalimu anayeita darasa lote. Je, wenzake watacheka? Ataweza kuliandika akiwa gredi ya kwanza?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya jina tangu kuzaliwa. Jina ni haki yake. Sisi wazazi tunamchagulia tu, yeye ndiye ataishi nalo.

Kwa wale mlioshaita na shosho bado amenuna: msingoje mtoto afikishe mwaka. Mbebeni, mwende mumweke mikononi mwake, mumweleze sababu ya jina. Na wewe shosho unayesoma hapa, mjukuu hajakukataa. Hata jina lenyewe bado hajui kulitamka.

Ya kujadili kwenye ushirika wa nyumbani:
1. Jina lako lina maana gani, na ni nani alikupa?
2. Kuna mtu kwa familia yenu aliyeumizwa na jina la mtoto? Mtaanza vipi kupatana?

Maombi: Baba, tupe hekima tunapowaita watoto wetu, na upatanishe nyumba zilizogawanyika. Katika jina la Yesu, Amina.