Kwa Mwendo wa Watoto

JUMATANO

Nchini Tanzania, sheria humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84. Hayo ni majuma 12, yaani Sabato 12 tu. Siku ya 85 mtoto bado hajaweza kukaa, na mama yuko kazini akianza zamu. Mama anayeuza mboga sokoni hana hata siku hizo. Hurudi mapema zaidi, kwa sababu asipouza, nyumbani hakuliwi. Wote wawili wana malengo. Mmoja anataka kurudi chuoni ili apandishwe cheo, mwingine anataka kuongeza mtaji. Malengo hayo si dhambi. Swali ni hili: Safari iende kwa mwendo gani, na ni nani anayeupima mwendo huo?

Soma Mwanzo 33:12–14. Esau alipendekeza nini? Yakobo alitoa sababu gani ya kutokwenda pamoja naye?

Yakobo hakuwa mvivu. Alikuwa amemtumikia Labani kwa miaka 20, akivumilia jua la mchana na baridi ya usiku (Mwanzo 31:38–41). Lakini sasa alikuwa ametoka Penieli akichechemea (Mwanzo 32:31), na nyuma yake walikuwa watoto wadogo pamoja na mifugo iliyokuwa ikinyonyesha. Yusufu mwenyewe huenda hakuwa amezidi miaka sita. Yakobo alijua jambo ambalo kila mchungaji analijua: siku moja tu ya kuswaga kwa haraka yatosha kuliangamiza kundi. Basi akamwomba ndugu yake atangulie, naye afuate polepole.

Yakobo hakuwa mkamilifu. Alimwambia Esau kwamba angefika Seiri, lakini akaenda Sukothi (Mwanzo 33:17). Hata hivyo, aliyosema juu ya watoto yalikuwa kweli.

Angalia mambo mawili. Kwanza, Yakobo hakuivunja safari, alipunguza mwendo. Pili, aliyeomba mwendo upunguzwe hakuwa Lea wala Raheli, bali baba, kiongozi wa msafara. Hakusema kwamba wanaume watangulie na Esau, kisha akina mama wawalete watoto nyuma. Msafara wote ulikwenda kwa mwendo wa watoto. Katika nyumba nyingi leo mambo ni kinyume: mama peke yake ndiye anayetakiwa kupunguza mwendo, au mama peke yake ndiye anayekimbia ili asiachwe.

Soma 1 Samweli 1:21–24. Kwa nini Hana hakupanda kwenda Shilo mwaka ule? Elkana alimjibuje?

Hana alikuwa ameweka nadhiri nzito mbele za Bwana. Mtu angeweza kudhani kwamba kuchelewa ni kurudi nyuma. Lakini Hana alikaa nyumbani mpaka alipomwachisha mtoto ziwa, na mumewe hakumlaumu. Nadhiri haikufutwa, ilingojea wakati wake. Kisha akapanda Shilo na kuitimiza yote. Kusubiri hakukuwa upungufu wa imani, na miezi ile ya kunyonyesha haikuwa muda uliopotea. Ndiyo iliyomwandaa Samweli.

Si kila mama anaweza kukaa nyumbani kama Hana. Kodi ya nyumba na ada ya shule hazisubiri. Huyo asihukumiwe. Pengine kwake kupunguza mwendo ni kusogeza masomo mwaka mmoja mbele, kukataa jukumu moja la kamati kanisani, au kumwona mumewe akishika sufuria Ijumaa alasiri ili naye aingie katika Sabato akiwa amepumzika. Kumbuka kwamba amri ya nne inawataja mwana, binti, watumishi, mgeni na hata mnyama (Kutoka 20:10). Ni ajabu Sabato ikiwapumzisha hao wote, kisha mama wa nyumba abaki jikoni.

Soma Isaya 40:11. Bwana huwatendeaje wanaonyonyesha?

Yakobo alikuwa mchungaji wa kondoo tu, lakini Bwana mwenyewe ni Mchungaji wa aina hiyo. Hawaachi nyuma wanaonyonyesha wala hawaswagi ili walifikie kundi. Yeye huenda mwendo wanaouweza, na wana-kondoo amewabeba kifuani. Mama anayefikiri kwamba amepitwa na wenzake ajue kwamba hajapitwa na Mchungaji wake.

Ni jambo gani moja katika ratiba ya nyumba yako linalowaswaga watoto kuliko wanavyoweza? Ni nani, mbali na mama, anayeweza kulipunguza juma hili? Kundi lenu la Shule ya Sabato linaweza kumwondolea mzigo gani mama mmoja aliyejifungua karibuni?