Kuchagua Kiingilio cha Mashindano ya Poka

Katika shindano kuu la World Series of Poker la mwaka 2023, mjini Las Vegas, Marekani, kiingilio kilikuwa dola 10,000. Kati ya washiriki 10,043, ni 1,507 tu waliopata zawadi. 8,536 waliondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo, tunakushauri uchague kiingilio ambacho hata ukikipoteza chote, kodi ya nyumba, ada ya shule na chakula havitaguswa. Kabla ya kulipa, uliza ni kiasi gani kinaingia kwenye zawadi na kiasi gani kinabaki kwa mwendeshaji. Iwapo kanuni zinaruhusu kulipa tena baada ya kutolewa, weka mapema kikomo cha malipo hayo, ukijumlisha nauli na malazi. Usikope ili ucheze.