Fahamu Tumbo Lako: Maumivu Yakipungua Ghafla, Huenda Si Nafuu

Ndani ya tumbo mna utando laini uitwao peritoniamu. Tabaka moja limeshikana na ukuta wa tumbo, jingine limefunika ini, utumbo na viungo vinginevyo. Kati ya matabaka hayo mna nafasi nyembamba yenye majimaji kidogo, yanayosaidia utumbo kuteleza bila kukwaruzwa.

Kidole tumbo kilichovimba kikipasuka, maumivu yanaweza kupungua kwa muda. Lakini usaha umeshaingia katika nafasi hiyo na unasambaa. Baadaye tumbo zima huuma na kuwa gumu kama ubao.

Mgonjwa akilala chali, majimaji hutuama kati ya ini na figo ya kulia, na chini kwenye nyonga. Kwa mwanamke, nyuma ya mfuko wa uzazi. Hapo ndipo daktari hutazama kwa mashine ya ultrasaundi, hata anaposhuku mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi imepasuka na damu inavuja.

Wakazi wanashauriwa wasikande tumbo linalouma wala kunywa dawa ya kuharisha. Mwenye maumivu makali, homa au kutapika afikishwe hospitalini mara moja.