Kuzihesabu Siku Zetu

Masomo: Zaburi 90, Luka 10:38–42, Luka 12:16–21



Kabla ya kuendelea na somo hili, tafadhali fungueni Zaburi ya 90 mkaisome yote. Ni zaburi ya maziko, na kwa sababu hiyo wengi wetu tumeizoea tukiwa tumesimama kwenye matope, mvua yetu ya Rungwe ikinyesha, huku tukiwaza habari za turubai na chakula cha wageni. Safari hii isomeni nyumbani, palipo kimya. Mwenye zaburi ataja miaka 70, au 80 kwa mtu mwenye nguvu, kisha anamwomba Mungu amfundishe kuhesabu. Angalieni vema: haombi aongezewe siku. Aomba ajue hesabu yake ili moyo wake upate hekima.

Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, basi niruhusuni nishike chaki kidogo. Miaka 70 mara siku 365 ni siku 25,550. Theluthi moja ya hizo twalala. Mimi nina miaka 66, maana yake nimekwisha kutumia siku 24,090. Zilizobaki kufikia miaka 70 ni 1,460, wala hakuna aliyeniandikia hati kwamba nitazipata. Vijana msicheke, kwa maana ninyi nanyi hamna hati. Yule tajiri wa Luka 12 alipanga habari za ghala zake kwa miaka mingi, naye alikuwa amebakiwa na usiku mmoja.

Sisi tukaao Tukuyu tunaishi juu ya Ziwa Nyasa. Ukishika barabara ya kuteremka Kyela, mwisho wake ni majini. Watu wa Kanisa letu wa misheni ya UMCA walifanya kazi kando ya ziwa hilo, kusini ya hapa, nami hupenda kuwafikiria watatu miongoni mwao kila nisomapo zaburi hii.

Wa kwanza ni Padre Charles Janson. Alisafiri kwa miguu pamoja na Padre William Percival Johnson mpaka akaliona Ziwa mwaka 1882, na mwaka uo huo akafa kando yake, kazi aliyoijia ikiwa haijaanza. Meli ya kwanza ya misheni ilipewa jina lake. Wa pili ni Chauncy Maples, aliyekuja Afrika mwaka 1876 pamoja na Johnson rafiki yake. Alifanya kazi Masasi na Newala, kisha Likoma. Tarehe 29 Juni 1895 aliwekwa wakfu kuwa Askofu huko London. Tarehe 2 Septemba mwaka uo huo, akiwa safarini kurudi Likoma, dhoruba ikapindua mashua yao usiku, akazama. Hesabuni wenyewe: siku 65 za uaskofu, na miaka 43 ya maisha. Wa tatu ni huyo huyo Padre Johnson. Yeye alipoteza sehemu kubwa ya nuru ya macho yake tangu mapema, lakini aliishi, akatafsiri Biblia kwa Kinyanja, akazunguka vijiji vya Ziwa kwa zaidi ya miaka 40, hata alipofariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli.

Jirani zetu Wamoravian nao wanayo habari kama hiyo. Wamisionari wao wanne walikuja nchi hii mwaka 1891, kituo cha Rungwe kikaanza mwaka huo, na mmoja wao, Georg Martin, alifariki kabla mwaka haujaisha.

Kwa nini mmoja apewe miezi na mwingine nusu karne? Nimewasikia wahubiri wakilijibu swali hilo kwa urahisi mno. Mimi silijibu. Johnson hakuwa mtakatifu kuliko Janson eti kwa kuwa aliishi zaidi. Ninaloliona ni kwamba wote watatu waliishi kwa utaratibu mmoja wa sala. Misheni za UMCA zilikwenda kwa kengele: asubuhi watu kanisani, jioni watu kanisani, awe yupo mgeni au hayupo, iwe kazi imekwisha au haijaisha. Janson hakuacha sala zake zingoje mpaka misheni ijengwe. Kama angaliziacha, asingalizisali kamwe.

Utaratibu huo hawakuubuni wao. Zamani katika nyumba za watawa sala zilikuwa nyingi, mchana na usiku, na mtu wa shamba hakuweza kuzifuata. Askofu Mkuu Thomas Cranmer, katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1549, alizikusanya zikawa mbili, ya Asubuhi na ya Jioni, katika lugha ya watu, ili mtu wa kawaida naye aweze. Basi Sala ya Asubuhi na ya Jioni mzionazo kitabuni si mali ya padre peke yake. Ziliwekwa kwa ajili ya mtu mwenye jembe.

Sasa tuje kwetu. Nasikia kila Jumapili, "Mwalimu, sina nafasi." Naamini. Wilaya yetu haina msimu wa kukaa bure. Mvua zetu ni nyingi, magugu hayalali, ndizi zinataka kupelekwa sokoni, viazi vinataka kuinuliwa, na chai isipochumwa kwa zamu yake jani linakomaa na kukataliwa. Lakini tazameni jambo moja. Gari la kuchukua chai likipita saa fulani, sote tunajua saa hiyo na tupo kituoni na vikapu vyetu. Basi la Mbeya likiondoka alfajiri, tunaamka saa tisa usiku bila kuamshwa. Ng'ombe wa maziwa ana saa yake, na ukimchelewesha atakuita kwa sauti ambayo majirani wote wataisikia. Gari lina saa, basi lina saa, ng'ombe ana saa. Mungu peke yake ndiye tuliyemwambia angoje kitakachobaki. Nacho hakibaki.

Nasema hivi si kwa kuwahukumu wengine. Marehemu mume wangu alisali Sala ya Jioni kila siku saa kumi na mbili na nusu, mezani, kwa taa ya chemli. Mara nyingi aliniambia, "Mama, njoo tusome pamoja, ni zaburi moja tu." Mimi nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, darasa zima, na kesho mkaguzi anakuja. Nikamjibu, "Nitakapostaafu, baba, tutasali mpaka uchoke." Alicheka. Hakunilaumu hata siku moja. Alifariki nikiwa nimebakiza miaka miwili ya kazi. Madaftari yale yote yamekwisha kuwashia moto, wala simkumbuki mkaguzi hata mmoja kwa jina.

Tena kuna jambo la aibu zaidi. Nilipostaafu sikusali. Nilidhani nafasi itakuja na barua ya pensheni. Zikaja shughuli nyingine: wajukuu, vikao vya ukoo, misiba, kuku. Mwaka mzima ulipita nikiwa na siku nzima mikononi mwangu na nisione dakika kumi. Ndipo nilipojua kwamba tangu mwanzo haikuwa habari ya madaftari.

Kilichonisaidia si bidii. Nina bidii ndogo, na asubuhi za Juni Tukuyu zina baridi kali. Nilifunga sala kwenye kazi isiyoweza kusahaulika. Naamka kwa ajili ya ng'ombe. Basi kabla sijashika ndoo nasoma zaburi moja, nasema Baba Yetu, nataja majina ya watoto na ya wagonjwa wa mtaa, halafu natoka. Jioni hufanya hivyo tena, meza ile ile. Dakika kumi. Dakika kumi kila siku kwa mwaka ni saa 60 na dakika 50, kama siku mbili na nusu kamili. Hakuna mtu hapa ambaye angekubali kumpa Mungu siku mbili na nusu mfululizo, kazi zote zikasimama. Zikikatwa vipande vidogo zinalipika.

Zipo siku nasoma huku mawazo yako zizini. Nasoma vivyo hivyo.

Kuhusu Martha na Mariamu, naomba tusimwonee Martha. Bwana alikuwa mgeni mwenye njaa na mtu lazima apike. Hakuambiwa aache jiko. Aliambiwa kwamba anahangaika kwa mambo mengi. Nikiisoma habari hii huwaza, kama Lazaro naye angaliteka maji siku ile, pengine dada zake wote wawili wangaliketi. Akina baba, mnanisikia. Mama mwenye mtoto mgongoni, ndizi motoni na kuni mbichi hawezi kupata dakika kumi kwa kuhubiriwa. Anazipata mtu mwingine akimshika mtoto. Nyumba ambayo baba anasali vizuri na mama hajawahi kufungua kitabu, huyo baba achunguze sala yake imejengwa juu ya mgongo wa nani. Nami nawajua akina mama ambao katika hali hiyo humwomba Mungu wakiwa shambani, kila mstari wa chai jina moja la mtoto. Hiyo ni sala, nami siiongezi wala siipunguzi.

Kazi ya mwezi huu, kwa nyumba na kwa vikundi vya Umoja wa Mama:

Chukueni karatasi mwandike saa za siku yenu ya jana, tangu kuamka hadi kulala, kila saa mlifanya nini. Andikeni kweli, hakuna atakayesahihisha. Kisha tafuteni kazi moja ambayo hamkosi kuifanya hata siku moja, mwandike kando yake zaburi ya kuanzia. Wasioweza kusoma wachague sala wanayoijua kwa moyo. Wenye wenzi waulizane usiku huu, si wiki ijayo: ni saa ngapi tunaweza kuketi pamoja, na nani atamshika mtoto? Mkikutana, anayeongoza asikusanye karatasi. Aanze kwa kusoma yake.