Maana na Asili ya Neno "Riddance"



Nilipostaafu kazi ya kufundisha chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja aliniletea kadi nzuri yenye maua. Ndani ameandika kwa Kiingereza: "Good riddance, Mwalimu." Nikakaa kimya. Kumbe kijana alilikuta neno hilo mahali fulani mtu alipokuwa akiondoka, naye akadhani maana yake ni "safari njema". Maana yake ni "heri umeondoka, tumepumzika"!

Asili yake haina ubaya. "Rid" ni neno la watu wa kale wa Skandinavia, waliohamia Uingereza, na maana yake ilikuwa kufyeka miti na kuondoa mawe ili kupata shamba. Mwisho wake, "-ance", umetoka kwa Kifaransa, nao hugeuza kitenzi kuwa jina, kama sisi tupatavyo "ondoleo" katika "ondoa". Wasukuma kazi hiyo twaijua. Miaka ya 1920 kule Shinyanga wazee wetu walitoka kwa maelfu na mashoka wakafyeka vichaka, mbung'o wakose kivuli. Na magugumaji yalipopungua ziwani mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya kuletwa wadudu wa kuyala, mvuvi wa Mwanza angeweza kulitamka neno hili bila kosa.

Lakini Waingereza walilitoa kwenye miti wakalipeleka kwa watu. Waliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, watamkumbuka Mwana wa Mfalme wa Moroko aliyechagua sanduku la dhahabu akamkosa Portia. Katika Kiingereza cha Shakespeare, Portia alitumia neno hili hili, ila aliliwekea kivumishi cha upole. Upole gani huo, na mgeni amekwisha geuza mgongo? Siku hizi hutanguliwa na "good", na huo wema ni wa anayebaki, si wa anayeondoka. Hapo ndipo kijana wangu aliponaswa.

Kwa Kiswahili wengine hutafsiri "potelea mbali", lakini hiyo ni karibu na laana. "Afadhali ameondoka" inafaa zaidi. Wala tusilichanganye na lile "ondoleo la dhambi" tulisemalo kanisani, maana pale huondolewa dhambi, mtu akabaki.

Kijana nilimweleza baada ya wiki mbili, tukiwa wawili tu. Alishika kichwa, akaomba nimrudishie kadi yake. Sikumpa.