Kantini Ilipokuwa Jukwaa: Mafunzo Niliyopata

Miaka ya sabini, ungetembea Dar es Salaam ungekuta karibu kila shirika la umma lina kikundi chake cha utamaduni. Viwanda vilikuwa navyo, jeshi, magereza, hadi watu wa bima. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limesema nchi ni ya wakulima na wafanyakazi, nasi tulitakiwa kulionyesha hilo kwa ngoma na maigizo. Mimi nilikuwa fundi wa mitambo ya kufumia katika kiwanda kimoja cha nguo. Shifti ya asubuhi ikitoka, tunasogeza meza za kantini ukutani, tunaanza mazoezi. Haya ndiyo niliyoondoka nayo.

1. Mtu wa shifti hahitaji kitabu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilitoka 1969, na tuliistahi sana, lakini nani angekariri kurasa zile baada ya kutwa nzima ya kelele za mashine? Isitoshe, baadhi yetu ndio kwanza walikuwa wanajifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima. Kiongozi wetu alikuwa anatoa kisa tu: fulani katoka kijijini, kafika mjini, kakutana na tapeli Kariakoo. Maneno kila mtu alijitafutia. Mmoja akipangiwa usiku, mwingine anavaa koti lake na mchezo unaendelea. Wasomi wengine waliona uigizaji huo wa papo kwa papo ni uzembe. Mimi nimekaa nao nikaona ni ufundi, tena mgumu, maana huwezi kujificha nyuma ya maneno ya mtu mwingine.

2. Mpe mjinga mwigizaji wako bora. Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walieneze Azimio, na Mathias Mnyampala akazieneza ngonjera. Kitabu chake, Ngonjera za Ukuta, kilianza kuchapwa 1970. Ngonjera za siasa zina kanuni moja: asiyejua anabisha, anayejua anamfundisha, mwisho mbishi anasalimu amri. Kantini nzima ilijua mwisho huo kabla hatujafungua kinywa. Kwa hiyo raha yote ikahamia kwa mbishi, na yule mwerevu akawa anasubiriwa amalize. Tulikuwa na mpakiaji mmoja wa marobota, mcheshi wa kuzaliwa, ambaye hakukubali hata siku moja kucheza mwerevu. Watu walikuwa wanaacha chai yao kumsikiliza anavyobisha.

3. Bosi akikaa mbele, sikiliza walioko nyuma. Hili ndilo funzo kubwa kwangu. Februari 1971 chama tawala, TANU, kilitoa Mwongozo, na kifungu cha 15 kiliwakataza viongozi kiburi, ufujaji na kukandamiza walio chini yao. Wafanyakazi walikishika kifungu kile kama dua. Katika baadhi ya viwanda watu waligoma, na mameneja wengine walifungiwa milango wasiingie kazini. Sisi hatukugoma. Tulitunga mchezo.

Ulikuwa kichekesho cha meneja naizesheni, yaani mkubwa mpya aliyekalia kiti cha mzungu: kitambi cha matambara, miwani ya jua ndani ya nyumba. Tawi la chama lilikuwa limeutazama kwanza na kuupitisha. Siku ya onyesho, viongozi wamekaa viti vya mbele, yule mpakiaji wetu anamhudumia bosi chai. Akaweka kikombe mezani taratibu, kisha akasema neno ambalo halikuwamo kwenye mazoezi: "Ndugu Meneja, lile lori letu jana usiku lilibeba marobota au lilibeba harusi?"

Nyuma kukalipuka. Watu wanagonga meza kwa vikombe, wanapiga vigelegele. Mbele, kimya, wakubwa wanatazamana. Meneja wa kweli naye akacheka, ila alicheka wa mwisho. Haukupita muda mpakiaji akapangiwa usiku mfululizo, na mazoezi yakampita. Hakuna aliyetamka sababu, na hakuna aliyeiuliza.

4. Wanawake tuliwakosa kwa sababu zetu wenyewe. Kiwandani walikuwapo, jukwaani hawakuwapo, kwa kuwa waume na baba zao hawakutaka. Basi wanaume tukajifunga kanga na kubana sauti, ukumbi ukacheka. Mpaka alipojiunga mama mmoja wa kitengo cha kushona, akacheza mke anayemsubiri mume siku ya mshahara. Hakuelekezwa na mtu. Siku hiyo hakuna aliyecheka, na kanga zetu tulizivua.

5. Anayetoa lori ndiye mwenye mchezo. Sare zilikuwa za kiwanda, ngoma za kiwanda, usafiri wa Mei Mosi wa kiwanda. Tulisema kikundi ni chetu, kumbe chetu kilikuwa ni yale maneno yaliyoponyoka tu. Mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa miaka ya tisini, ngoma zetu zilihesabiwa pamoja na viti vya kantini.

6. Tiketi nayo ina bosi wake. Vikundi vya kutoza kiingilio navyo vilikuja: kikundi cha Muungano kilianzishwa 1980, TOT kikafuata 1992, na katika kumbi na baa za jiji onyesho moja likawa na ngoma, sarakasi, taarab na mchezo wa kuigiza. Wenzetu kadhaa wakaingia vikundi vya namna hiyo. Siwabezi, kwa mara ya kwanza walikuwa wanalipwa kwa kipaji. Lakini mteja aliyetoka kazini amechoka alitaka mke mwenza, mganga na mfumanizi. Michezo niliyoitazama huko ilichekesha kweli, ila yule meneja wa kitambi cha matambara sikumwona tena.

Michezo yetu haikuandikwa, na wengi walioicheza wamekwisha kufariki. Waliobaki ni wazee wa Manzese, Mabibo na Temeke. Kama una babu au bibi aliyewahi kufanya kazi kiwandani enzi zile, muulize alicheza nafasi gani, na simu yako iwe inarekodi.